Kumpiga Picha Ndege Mweusi Arukapo Juu ya Bahari

Mpenzi msomaji, huenda ukashangaa mwanafunzi wa Masalani anathubutu vipi kuandika kuhusu ndege wa baharini, ilhali hapa kwetu maji mengi tuyajuayo ni yale ya Mto Tana, na vumbi ni jingi kuliko hayo maji. Jibu ni fupi. Abti yangu hupiga picha za harusi mjini Lamu, nami likizo ya Agosti huwa naenda kwake. (Abti kwa Kisomali ni mjomba, ndugu wa mama, na yeye pia huniita mimi abti, kwa hivyo asiyetujua hudhani tunaigana.) Tena bahari si mbali nasi kama watu wanavyodhani. Ijara inapakana na Kaunti ya Lamu. Unavuka mto, unashika njia ya Garsen na Witu mpaka Mokowe, unapanda boti, basi, umefika.

Ndege ninaotaka kuwaeleza ni wale weusi, au wenye rangi ya moshi. Wa kwanza ni shakwe ambaye wataalamu humwita Ichthyaetus hemprichii. Huyu ndiye utakayemwona wakati wowote pale Lamu wavuvi wanapoteremsha samaki. Mgongo na mabawa yake ni kahawia iliyokolea, kichwa na kifua ni kama amevaa kanzu ya giza, shingoni ana mkanda mweupe, na mdomo wake ni wa manjano wenye pete nyeusi na ncha nyekundu. Wa pili na wa tatu ni buabua wawili wanaofanana kama pacha: mmoja mweusi tititi mgongoni na mweupe tumboni, Onychoprion fuscatus, na mwenzake mwenye mgongo wa kijivu cha kahawia, Onychoprion anaethetus. Wa nne ni buabua wa kahawia, Anous stolidus, ambaye mwili wake wote una rangi ya buni iliyokaangwa isipokuwa utosini, ambako amevaa kitu kama kofia nyeupe ya kwendea msikitini.

Sasa ugumu uko wapi? Chukua kamera yoyote, hata ya simu, mwelekeze ndege huyo akipita juu ya bahari mchana, kisha utazame picha. Utaona anga safi, mawimbi safi, na katikati kuna kitu cheusi chenye umbo la ndege. Hakuna jicho, hakuna unyoya, hakuna rangi ya mdomo. Ni kivuli tu. Anaweza kuwa shakwe, anaweza kuwa buabua, anaweza hata kuwa kunguru aliyepotea njia.

Kabla ya kueleza sababu, naomba nikurudishe shuleni kwa dakika moja. Kuna mpiga picha aliyewahi kuja kutupiga picha ya darasa. Tulipangwa mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, saa sita, sote tumevaa mashati meupe. Picha zilipoletwa tulilipa pesa zetu tukapewa mashati. Naam, mashati! Yalitoka vizuri ajabu, hata vifungo unavihesabu. Lakini sisi wenye ngozi nyeusi zaidi tulikuwa meno na macho tu, na mwenzangu mmoja mpaka leo anaonyesha mahali aliposimama kwa kuhesabu kutoka kushoto. Watu walicheka wakisema, "Wewe ni mweusi mno, kamera imekushindwa." Mimi nasema hapana. Kosa halikuwa la ngozi ya mtu, na kwa ndege kosa si la manyoya. Ni jambo moja hilo hilo, na lina maelezo.

Ndani ya kamera mna mita ya kupima mwanga. Mita hiyo haijui inachokitazama. Haijui huyu ni mtu, huyu ni ndege, hii ni bahari. Inachokifanya ni kuchukua mwanga wote unaoingia, kisha inadhani ya kuwa kila kitu duniani, ukikichanganya pamoja, kinatoa kijivu cha wastani, yaani kitu kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga unaokipiga. Mahali kama msitu au shamba, dhana hiyo ni sawa. Lakini bahari ya saa sita inayometameta, mchanga mweupe wa Shela, au ukuta wa chokaa, vyote vinang'aa kupita wastani huo. Mita inashtuka: "Lo! Mwanga umezidi!" Inapunguza. Anga inageuka kijivu kizuri cha wastani, na ndege ambaye tangu mwanzo alikuwa mweusi anapunguziwa hata kile kidogo alichokuwa nacho.

Abti aliyajua haya kutokana na kazi yake, wala si kutokana na ndege. Hebu fikiria Lamu: kuta nyeupe za chokaa, na akina mama waliovaa mabuibui meusi wanapita mbele yake. Bwana harusi naye kavaa joho jeusi, bibi harusi gauni jeupe. Mpiga picha wa Lamu asiyejua kuipinga mita yake atalala njaa. Aliniambia hata filamu za zamani hazikutengenezwa zikitufikiria sisi. Kampuni ya Kodak ya Marekani ilikuwa ikiwapelekea wenye maabara za kusafishia picha kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley, ili rangi za picha zote zilinganishwe na ngozi yake. Ngozi yake ikitoka vizuri, basi mashine iko sawa. Wewe uliye mweusi shauri yako. Baadaye kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilitengenezwa, lakini ni baada ya miaka mingi.

Haya, dawa yake ni nini? Iko ya njia mbili. Ya kwanza ni kuiambia kamera iongeze mwanga kuliko inavyotaka yenyewe. Kamera nyingi zina kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, na hata simu nyingi ukigusa kioo zinaleta alama ya jua unayoweza kuipandisha kwa kidole. Hatua moja ya kujumlisha maana yake ni mwanga mara mbili, hatua mbili ni mara nne. Kwa ndege mweusi mbele ya anga jeupe, abti huanza na hatua moja na nusu. Anga litapauka, ndiyo, lakini tulikuja kumtafuta ndege au tulikuja kutafuta anga?

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi, nayo ni kuizima kabisa akili ya kamera na kupanga kila kitu kwa mkono. Sababu yake ni hii. Ndege akiruka hapiti mbele ya kitu kimoja. Sasa hivi yuko juu ya anga jeupe, mara ameshuka mbele ya maji ya buluu, mara yuko mbele ya mikoko ya Manda ambayo ni giza. Mita inayojiendesha itabadilika kila anapopita: picha ya kwanza ndege mweusi, ya pili afadhali, ya tatu kapauka kama majivu. Lakini jiulize, je, jua linalompiga huyo ndege limebadilika? Halikubadilika hata kidogo! Ni lile lile la sekunde mbili zilizopita. Kwa hivyo ukipanga mwanga unaomfaa ndege mwenyewe, uache hapo hapo, mandhari ya nyuma yabadilike yapendavyo.

Wapiga picha wa zamani waliokuwa hawana mita walikuwa na kanuni ya jua na 16. Jua likiwa kali pasipo mawingu, weka tundu la lensi kwenye f/16, na kasi ya shata iwe moja chini ya namba ya ISO. Mathalani ISO ikiwa 400, kasi ni 1/400 ya sekunde. Ukiongeza kasi mara mbili, panua tundu hatua moja: f/11 kwa 1/800, au f/8 kwa 1/1600. Zote hizo zinaingiza mwanga sawasawa. Kisha kwa kuwa ndege wetu ni mweusi, mwongeze hatua moja: f/5.6 kwa 1/1600. Hesabu hiyo niliiandika kwenye kipande cha karatasi nikakibandika nyuma ya kamera ya abti, akacheka lakini hakukibandua. Jua likianza kulegea, yapata saa kumi na moja, tunapandisha ISO hadi 800.

Tahadhari moja. Buabua mwenye tumbo jeupe ana shida ya pande zote mbili, maana ukimwongezea mgongo, tumbo linaweza kuungua likawa jeupe tupu. Kwa huyo heri usizidishe, kisha kama kamera inaweza kuhifadhi faili ghafi, yaani picha kabla haijapikwa na kamera, utamfufua mgongo baadaye kwenye kompyuta. Sisi shuleni kompyuta tunazipanga foleni, kwa hivyo mimi hupendelea kupata sawa pale pale.

Mbona 1/1600? Hapa nilitumia hesabu za fizikia. Tuseme ndege anaruka mita 10 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 36 kwa saa. Kwa 1/100 ya sekunde atakuwa amesogea sentimita 10 wakati shata iko wazi, karibu urefu wa kiganja. Atatoka kama ukungu. Kwa 1/1000 atasogea sentimita 1. Kwa 1/2000 nusu sentimita. Na hapo sijahesabu ncha za mabawa, ambazo zina mwendo wake mwingine.

Lakini nikuambie kweli, namba zote hizo hazitakufaa kitu ukisimama vibaya. Vitabu vya wageni vinasifu jua la asubuhi, eti ndilo jua la dhahabu. Huko kwao labda. Sisi pwani yetu yote inatazama mashariki! Asubuhi ukisimama pwani ya Shela ukatazama bahari, jua liko machoni pako na nyuma ya ndege. Upande anaokuonyesha ni upande wa kivuli. Hata uongeze hatua tatu, utapata kivuli kilichopauka. Kwa mtu aliye nchi kavu, wakati wa kumpiga ndege wa baharini katika Afrika Mashariki ni alasiri, jua likiwa limehamia mgongoni kwako. Anayetaka asubuhi na apande mashua, atoke nje, kisha ageuke aitazame nchi kavu.

Saa sita je? Jua liko utosini, tumbo la ndege lote giza. Hata hivyo, akipita chini juu ya mchanga mweupe utaona ajabu: mchanga unalirudisha jua juu, tumbo na mabawa yake kwa chini vinang'aa kama vimemulikwa na taa. Kwenye maji marefu hupati hilo.

Halafu kuna upepo. Mwezi wa Agosti kusi inavuma, nayo kusi si mchezo, hata manahodha wengi hawapendi kutoka nje ya mkondo. Kwa mpiga picha ni baraka. Ndege hupenda kuukabili upepo, kwa hivyo shakwe wa Agosti huelekea kusini huku upepo ukimrudisha nyuma, na mara nyingine anakaribia kusimama hewani kama tiara. Wewe umetazama mashariki, yeye anapita kuelekea mkono wako wa kulia, na ubavu anaokuonyesha ni ule wa magharibi, ambao ndio unaopigwa na jua la alasiri. Jua, upepo na ndege vimekubaliana. Ubaya wake ni marasharasha ya chumvi. Kila baada ya muda lensi huwa na utando, na usipoufuta kwa kitambaa laini chenye maji baridi kidogo, picha zote zitakuwa na ukungu. Mtu wa Masalani anajua vumbi, lakini chumvi ni adui mwingine.

Katika yote hayo, neno alilolirudia abti mara nyingi zaidi ni "ageuke". "Abti, usibonyeze. Ngoja ageuke." Ndege akiruka sawasawa, bawa lake ni kama paa la nyumba, juu jua na chini kivuli. Anapojipinda kugeuka, kwa nukta moja bawa lote linainama kuelekea jua, na ndipo unapogundua ya kuwa yule mweusi si mweusi. Ana kahawia, ana kijivu, ana mistari myeupe kwenye ukingo wa manyoya. Na jicho linapata kinukta cha mwanga. Ndege mweusi asiye na kinukta hicho hutoka kama kipofu. Kwa hiyo mfuate naye kabla ya kugeuka: miguu umeikita, kiuno ndicho kinachozunguka, kama golikipa anayeufuata mpira wa kona. Na anza kumlenga akiwa mbali juu ya anga tupu, kwa sababu kamera hutafuta mahali penye tofauti ya giza na mwanga, na ukimchelewesha mpaka ashuke kwenye mawimbi, itashika povu na kumwacha ndege.

Mazoezi yake hayahitaji bahari. Hapa Masalani mimi huwafuata mwewe wanaozunguka juu ya soko la nyama, na kunguru, na kule mtoni minandi wanaopita chinichini juu ya maji. Rangi ni zile zile za giza. Ila ukiwa mtoni simama mbali na ukingo, maana mamba hajali wewe ni mwanachama wa chama gani.

Huenda msomaji akasema, "Sasa picha ya kivuli ina ubaya gani? Mbona wengine wanaipenda?" Ni nzuri ukutani, sikatai. Lakini haisemi huyo ni nani. Siku moja tulitoka na nahodha mmoja, mzee wa Kibajuni, mpaka nje kidogo ya Shela pale mkondo unapokutana na bahari kuu. Ndege wa giza akapita chini kuelekea kusini. Nahodha akasema ni shakwe. Mimi nikasema mabawa ni membamba mno na mkia una panda, si shakwe, ni buabua. "Buabua yupi?" abti akauliza, na hapo ndipo kwenye kazi, kwa sababu wale pacha wawili wanatofautishwa na vitu viwili vidogo: weusi wa mgongo, na ule weupe wa kipaji cha uso. Yule mweusi tititi weupe wake unaishia kwenye jicho. Mwenzake ana mstari mweupe unaopita juu ya jicho na kuendelea nyuma, kama nyusi ya mzee. Picha ya kivuli ingetuacha pale pale tukibishana mpaka Magharibi.

Nilikuwa nimempata mara tatu akigeuka. Tukaikuza picha kwenye kioo cha kamera, tukakizuia jua kwa kanzu ya nahodha. Mgongo kijivu cha kahawia. Nyusi ndefu. Nahodha akaitazama sana, kisha akasema, "Aa, huyu mwanangu namjua. Huyu ndiye hukaa juu ya vibao na magogo yanayoelea." Na kitabu cha ndege cha abti kinasema vivyo hivyo: huyu hupenda kutua juu ya takataka zinazoelea, ilhali mwenzake mweusi anakaa hewani muda mrefu mno, wala hatulii majini kwa kuwa manyoya yake hulowa. Nahodha hajawahi kukisoma kitabu hicho. Wavuvi huwatazama buabua kwa sababu nyingine kabisa: wakiwaona wengi wanazunguka na kuchota mahali pamoja, chini yake huwa kuna jodari wanaowapandisha dagaa juu.

Neno la mwisho ni kuhusu visiwa. Kaskazini ya Lamu, kuelekea mpaka wa Somalia, iko Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, yenye ukubwa wa kilomita 250 za mraba hivi, na visiwa vidogo vya matumbawe zaidi ya 50. Wakati wa kusi shakwe hawa na buabua wa aina kadhaa hutaga huko chini kwenye mawe. Mimi sijafika, lakini nimewahi kumsikia mgeni mmoja gatini akimwomba mwenye boti ampeleke kisiwani, apige makofi ili ndege wote waruke kwa pamoja apate picha. Mwenye boti alikataa, nami nilifurahi. Mama akiondoka, yai linabaki kwenye jua lile lile tunaloliogopa sisi, na shakwe hangoji kukaribishwa kula mayai ya buabua. Lensi ndefu ilitengenezwa kwa sababu hiyo. Ndege arukaye kwa shughuli zake mwenyewe, anayekwenda kuvua au kurudi, hupitia mbele ya mashua yako bila kufukuzwa na mtu.

Picha zile tatu abti alinisafishia, ziko kwenye ubao wa Chama cha Kiswahili karibu na dirisha. Chini ya ile ya katikati nimeandika: "Buabua mwenye nyusi. Nje ya Shela, Lamu. Agosti, saa kumi na moja na robo jioni. ISO 800, 1/1600, f/5.6. Aligeuka mara moja tu."